Kupata vipuri nafuu vya rimoti ya redio mjini Lubumbashi

Anayetaka kutengeneza rimoti ya redio kwa ajili ya gari dogo, taa ya uani au mtambo mwingine wa majaribio huanza mara nyingi kwa kuuliza kipuri kimoja kimoja: chipu fulani inauzwa wapi, kristali fulani ni bei gani. Hapa Lubumbashi swali hilo humpeleka kwenye maduka ya katikati ya mji, ambako ama ataambiwa kwamba kitu hicho hakipo, ama atatajiwa bei ambayo ingemtosha kununua kifaa kizima cha mtumba katika soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini. Ushauri wangu ni kuacha kutafuta vipuri na kutafuta jozi, yaani kitumaji na kipokezi vilivyotoka kiwandani pamoja na vinavyoelewana tayari, hata kama kifaa vilivyomo kimeharibika kwingineko. Sehemu ya redio ndiyo ngumu kuliko zote kutengenezwa kwa mkono na mtu asiye na vyombo vya kupimia mawimbi. Mota, swichi, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na kasha huokotwa popote, lakini kitumaji kisicho na kipokezi chake ni hasara hata kikiuzwa kwa bei ya mkate.

Kabla ya kwenda sokoni, amua rimoti yako itatoa amri za aina gani. Kuna amri za kuwasha na kuzima tu, kama vile taa iwake, mota izunguke mbele, mota irudi nyuma. Kuna pia amri za kadiri, ambapo usukani hugeuka kidogo au sana kulingana na kidole kilivyosogea. Aina ya pili huhitaji mota ya servo, yaani inayogeuka kwa kadiri inavyoamriwa, na seti ya rimoti ya gigahezi 2.4 iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege na magari ya michezo, kwa mfano FlySky FS-i6, na kujaribu kuipata kutokana na vichezeo vya watoto ni kujichosha bure. Wengi wanaodhani kwamba wanahitaji amri za kadiri wangetosheka na amri nne za kawaida, na tofauti ya gharama kati ya njia hizo mbili ni kubwa. Maelezo yanayofuata yanahusu amri za kuwasha na kuzima.

Jambo la pili ni kutochanganya redio na mwanga. Rimoti za televisheni, za redio za CD na za vipoza hewa vingi hazitumii redio kabisa. Hutuma mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, nao haupenyi ukuta wala mlango. Meza za sokoni zimejaa rimoti za namna hiyo, na muuzaji mwenyewe huenda asijue tofauti. Elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera ya simu kisha ubonyeze kitufe: ukiona nukta ya zambarau au nyeupe ikimetameta kwenye kioo, hiyo ni infraredi, irudishe. Tumia kamera ya mbele, kwa sababu kamera za nyuma za simu nyingi huchuja mwanga huo.

Vifaa vya redio vinavyofika kwetu viko katika makundi machache ya masafa. Magari ya kuchezea ya zamani hutumia megahezi 27 au 40, na yale yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia 27 au 49. Kengele za mlango zisizo na waya, rimoti za mageti na ving'ora vingi vya magari hutumia megahezi 433.92, ilhali vifaa vilivyokusudiwa Japani au Marekani mara nyingi viko kwenye 315. Vichezeo vipya na droni ndogo hutumia gigahezi 2.4. Ukikifungua kitumaji utaona utambulisho wake: kristali ndogo ya chuma yenye maandishi kama 27.145 ndiyo alama ya kundi la kwanza, na kopo dogo la chuma lililoandikwa R433 au R315 ni alama ya kundi la pili. Usinunue kipokezi cha 315 kwa ajili ya kitumaji cha 433 kwa matumaini ya kukirekebisha baadaye.

Magari ya kuchezea ndiyo mgodi wenye utajiri mwingi zaidi. Hufika ndani ya mabalo ya mitumba pamoja na nguo na viatu, na katika soko la Kenya, kama katika soko la Mzee Kabila, utayakuta yamerundikwa mkekani karibu na wanasesere na baiskeli za watoto. Gari ambalo magurudumu yamevunjika halina thamani kwa mzazi, na kwa sababu hiyo muuzaji hufurahi kuliondoa. Nenda na betri zako mwenyewe, nne za AA na moja ya volti 9, pamoja na bisibisi ndogo ya msalaba. Uliza kwa upole, “Mama, telekomande ya gari hili iko wapi?” kabla ya kuuliza bei ya gari, kwa maana ukishakubaliana bei ya gari, rimoti hugeuka bidhaa ya pili yenye bei yake. Akijibu kwamba rimoti imo mahali fulani ndani ya gunia, subiri aitafute. Akikupa rimoti ya gari jingine, ijaribu hapohapo, kwani huenda ikafaa kwa sababu nitakayoieleza.

Fungua kifuniko cha betri kwanza. Kutu ya kijani kwenye chemchemi za betri si ugonjwa wa kifo, huondolewa kwa siki na msasa, lakini ikiwa imeingia hadi kwenye kibao cha saketi na kula njia za shaba, achana nacho. Weka betri, washa, shikilia gari juu ili magurudumu yasiguse chini, na ubonyeze vitufe vyote kimoja baada ya kingine. Mota ikilia bila gurudumu kuzunguka, gia ndizo zilizovunjika, na kwako wewe hilo ni jambo jema: redio ni nzima na bei inapaswa kushuka. Mota isipolia kabisa, hesabu kwamba unanunua mota, swichi na plastiki, wala usilipe zaidi ya hapo. Lipa kwa faranga ukiweza. Mchezo wa kutafuta chenji ya dola kwa kitu kidogo huharibu bei yoyote uliyoipata, na noti ya dola iliyochanika hata kidogo tu pembeni itakataliwa.

Nyumbani, ukikifungua kichezeo cha megahezi 27, kuna uwezekano mkubwa wa kukuta chipu ya miguu 14 ndani ya rimoti, yenye maandishi yanayoanza na TX2 au TX-2B, na nyingine ya miguu 16 ndani ya gari, RX2 au RX-2B. Hii ni jozi mashuhuri ambayo viwanda vya China vimeitumia kwa miaka mingi, na inatambua amri tano: mbele, nyuma, kushoto, kulia na mwendo wa kasi. Chipu hizi hazina namba ya siri. Rimoti hutuma mipigo minne mirefu ya kuanzia, kisha idadi fulani ya mipigo mifupi, na idadi hiyo ndiyo amri yenyewe: mipigo 10 ni mbele, 40 ni nyuma. Kwa hiyo rimoti ya gari moja huweza kuendesha gari jingine lenye chipu za ukoo huohuo, mradi masafa yawe sawa na rezista za kuongoza mwendo wa chipu zikaribiane. Ndiyo maana haifai kukataa haraka rimoti “isiyo yake” pale mkekani, na ndiyo maana pia watoto wawili wenye magari yanayofanana hugombana uani.

Katika RX-2B, mguu wa 11 hupanda volti unapobonyeza mbele, wa 10 unapobonyeza nyuma, wa 6 ni kulia na wa 7 ni kushoto. Usiamini maandishi yangu wala ya mtu mwingine: weka multimeta kwenye volti, waya mweusi kwenye hasi ya betri, na uguse mguu mmoja mmoja huku mwenzako akibonyeza vitufe. Ukishapata mguu unaoitikia, kata nyaya za mota na uchukue ishara hiyo moja kwa moja. Usitoe chipu kwenye kibao. Wanaoanza hupenda kung'oa chipu ili waijenge upya mahali pengine, na wakati huo huo huacha nyuma transista, koili na kapasita za kipokezi ambazo zilirekebishwa kiwandani kwa ajili ya mawimbi hayo. Kibao kizima, hata kama ni kibaya kwa sura, ndicho ulichokinunua.

Chanzo cha pili, ambacho mimi nakipenda kuliko magari, ni kengele za mlango zisizo na waya, rimoti za mageti na ving'ora vya magari vilivyotolewa. Kengele huuzwa ikiwa mpya katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ya chini, na ndani ya sanduku moja kuna kitumaji na kipokezi cha megahezi 433. Ukiwa unahitaji amri moja tu, kwa mfano kuwasha taa ya parseli, yaani ya uani, kutoka kitandani, hakuna njia fupi kuliko hiyo: toa spika, uchukue ishara inayoelekea kwake, nayo iendeshe relei. Ishara ya spika hupanda na kushuka haraka, hivyo ipitishe kwenye dayodi na kapasita kabla ya kuipeleka kwenye transista.

Rimoti za mageti na ving'ora hubeba mara nyingi chipu za PT2262 upande wa kitumaji na PT2272 upande wa kipokezi, au nakala zake zinazoanza na SC. Hizi zina anwani: kila mmoja wa miguu 8 ya mwanzo huunganishwa na chanya, au na hasi, au huachwa wazi, jambo linalotoa mpangilio wa aina 6,561. Pande zote mbili zikiunganishwa vilevile, zinaelewana. Tazama herufi ya mwisho ya kipokezi kabla ya kununua. PT2272-M4 hutoa ishara wakati tu kidole kiko kwenye kitufe, nayo inafaa kwa mota. PT2272-L4 hushikilia ishara hadi ubonyeze kitufe kingine, nayo inafaa kwa taa. Rezista nazo ziendane: ikiwa kitumaji kina megaomu 4.7, kipokezi kinataka kiloomu 820. Ikiwa chipu ni ya EV1527, namba yake imechomwa ndani tangu kiwandani na kipokezi hufundishwa kuitambua kwa kubonyeza kitufe kidogo kwenye kibao. Nunua basi kipokezi chenye kitufe hicho.

Funguo za magari ni habari nyingine. Mji wetu umejaa magari yenye usukani wa kulia yaliyotoka Japani, na funguo zake zilizovunjika huonekana kwenye meza za mafundi wa kufuli. Ziache. Nyingi hubadilisha namba ya siri kila zinapobonyezwa, kwa hiyo hazikusaidii bila kompyuta ya gari lenyewe, na mtu anayekutwa na mfuko wa funguo za magari ya watu atatumia muda mrefu kueleza kwamba yeye ni mpenzi wa elektroniki.

Vipuri vinavyobaki havihitaji soko, vinahitaji urafiki na fundi wa redio wa mtaani, awe Katuba, Ruashi au Kamalondo. Nyuma ya kibanda chake kuna sanduku la mizoga. Vifaa vya kusawazisha umeme vilivyoungua ni hazina, kwa sababu vingi vina relei kadhaa, mara nyingi za volti 12, na umeme wetu unavyopanda na kushuka, vifaa hivyo havikosekani katika mizoga. Deki za DVD hutoa mota ndogo na gia, na vibao vya televisheni hutoa transista, dayodi za 1N4007 na kapasita. Usifike na orodha ndefu. Sema, “Papa fundi, naomba unichagulie relei mbili nzima,” umlipe kidogo, na uombe akutolee mwenyewe ikiwa huna chuma cha kulehemu. Umeme ukikatika, wapo wanaopasha moto kichwa cha shaba juu ya makaa ya mbabula na kufanya kazi safi kuliko ya chuma kipya cha bei rahisi, lakini joto hilo halipimiki: kwa relei ni sawa, kwa chipu ni hatari. Mtu akilehemu, dirisha liwe wazi.

Wakati mwingine ni busara kuagiza moduli mpya, yaani vibao vidogo vya redio vilivyokamilika. Jozi ya kitumaji cha FS1000A na kipokezi cha XY-MK-5V ya megahezi 433 huuzwa na wauzaji wa China kwa bei ambayo kwa kawaida haizidi dola 2, na nRF24L01+ ya gigahezi 2.4, inayotuma na kupokea, huwa katika kiwango hichohicho. Gharama iko kwenye njia. Mtu mmoja akiagiza moduli moja, usafiri humla. Watu kadhaa wakichanga oda moja na kuitia katika mzigo wa mfanyabiashara anayeleta bidhaa kwa ndege kutoka Guangzhou au Dubai, ambao hulipiwa kwa kilo, sehemu ya kila mmoja inakuwa ndogo kwa sababu moduli hizi ni nyepesi kama majani. Njia ya barabara kupitia Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa, mpaka ulio kama kilomita 90 kutoka hapa, ni ya taratibu zaidi. Usiweke betri za lithiamu katika mzigo wa ndege, kwa maana zinaweza kuzuia sanduku zima. Betri za 18650, seli za lithiamu za mviringo, utazipata hapa ndani ya pakiti za kompyuta mpakato zilizokufa. Ipime kila seli: iliyoshuka chini ya volti 2.5 usiichaji tena. Inachekesha kidogo kwamba kobalti iliyo ndani ya seli hizo huenda ilichimbwa jirani yetu Kolwezi, ikazunguka dunia na kurudi ikiwa takataka.

Ukiagiza, elewa unachokipata. XY-MK-5V ni kipokezi rahisi kinachotaka volti 5 na kinachosikia kelele nyingi. Vipokezi kama RXB6 hugharimu zaidi kidogo na hufika mbali zaidi, nami ningelipa tofauti hiyo bila kusita. FS1000A na XY-MK-5V hazina chipu ya amri, kwa hiyo zinahitaji PT2262 na PT2272, au jozi nyingine ya namna hiyo, HT12E na HT12D, au Arduino (kibao cha kompyuta ndogo unachokiandikia programu) kila upande. Asiyetaka kuandika programu aagize kipokezi kilichokwisha kufungwa PT2272-M4 pamoja na rimoti yake ya vitufe vinne. Nayo nRF24L01+ hufa kwa volti 5 katika mguu wa umeme. Hutaka volti 3.3, na huleta usumbufu mwingi hadi utakapoilehemea kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya chanya na hasi, karibu kabisa na moduli.

Kipokezi cha XY-MK-5V hujaribiwa bila chombo cha kupimia mawimbi. Unganisha spika ya sikioni ya simu kati ya mguu wa data na hasi, ukipitisha kwenye rezista ya kiloomu 1. Utasikia mvumo wa mvua. Hiyo ni kelele ya hewani, na ni dalili kwamba kipokezi ni kizima. Bonyeza rimoti ya 433 iliyo karibu, na mvumo huo utageuka kuwa mlio wa kukwaruza wenye mpigo. Usipobadilika, ama kitumaji kimekufa, ama betri yake imechoka, ama kiko kwenye 315. Betri ndogo ya volti 12 aina ya 23A iliyomo katika rimoti nyingi ndiyo mshukiwa wa kwanza, tena ni ghali kwa ukubwa wake.

Antena ndiyo kipuri cha bure kinachosahauliwa. Kwa megahezi 433.92 kata waya mnyoofu wa sentimita 17.3, na kwa 315 sentimita 23.8, uulehemu kwenye tundu la antena pande zote mbili na uuache umesimama bila kukunjwa. Waya wa kebo ya mtandao iliyotupwa unafaa kabisa. Kwa megahezi 27 hesabu hiyohiyo ingetaka mita 2.8 hivi, ndiyo maana vichezeo hutumia antena fupi yenye koili. Usiikate wala usiirefushe.

Mguu wa chipu hauwezi kuendesha relei peke yake. Pitisha ishara kwenye rezista ya kiloomu 1 hadi kwenye kitako cha transista ya S8050, relei ikae kati ya chanya na mguu wa kukusanyia wa transista, na dayodi ya 1N4007 ikae sambamba na relei huku mstari wake ukielekea chanya. Bila dayodi hiyo transista itakufa, na kipokezi kitapagawa kila relei inapoachia. Ikiwa relei itabeba umeme wa volti 220, usiufungie kwenye kibao cha kichezeo; tumia relei yenye nafasi ya kutosha kati ya miguu, kasha la plastiki lenye kifuniko, na uchomoe plagi kila unapofungua.

Mengi ya masafa yaliyotajwa hapa, ingawa si 49 wala 315, yamo katika sehemu ambazo kimataifa zimetengewa vifaa vya nguvu ndogo na matumizi ya viwanda, lakini nchini mwetu neno la mwisho kuhusu masafa ni la ARPTC, mamlaka ya Kongo ya kudhibiti posta na mawasiliano. Baki na vitumaji vidogo kama vilivyotoka kiwandani, na usiviongezee kikuza nguvu ili vifike mtaa wa pili.

Kila jozi unayoipata, ifunge kwa mpira, ubandike karatasi yenye masafa, jina la chipu, volti na siku uliyoijaribu. Ijaribu tena mahali pa wazi, mwenzako akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi amri ianze kukosa, kisha uandike umbali huo kwenye karatasi ileile. Ndani ya nyumba za matofali yenye paa la bati, panga kutumia nusu yake tu.